Nilimfundisha Mtoto wa Bingwa Kumwogopa Mama Yake

Mimi ni mwizi. Sijawahi kuvunja duka wala kuchomoa kitu mfukoni mwa mtu, lakini nilimwibia mwanamke mwenzangu mtoto, na sikumtoa hata nje ya nyumba yao. Nilimwibia humo humo ndani, mama yake akiwa anapita na kunishukuru.

Sijamwambia mtu yeyote. Hata padre nilimficha, nikamtajia dhambi ndogondogo za kusengenya. Leo nakwambia wewe usiyenijua. Majina nimeyabadilisha, maana wenyewe wako hai.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, lakini nimesharudishwa kwetu. Anayelijua neno hilo analijua. Niliolewa upande wa Magu, tukalima pamba na mume wangu misimu kadhaa bila mimi kushika mimba, na siku moja mama mkwe akasema mbele ya majirani kwamba hata ng'ombe asiyezaa hupelekwa mnadani. Nikafunga mizigo. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, hivyo nikaenda Mwanza mjini, Igogo, kwa kaka yangu, fundi wa injini kwenye meli za ziwani.

Kaka alikuwa ameoa Mhaya. Nitamwita Koku. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mambo ya pamba, mwanamke mrefu, mpole wa maneno. Na alikuwa bingwa wa tenisi.

Vijana wa leo hawatakubali, lakini miaka ile ya Ujamaa, tukiwa tunapanga foleni ya sukari na kula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mwanamke aliyecheza tenisi kuliko wote nchini alikuwa anatoka Igogo. Alifundishwa na masista shuleni kwao Bukoba. Hapa mjini kulikuwa na uwanja karibu na ziwa, zamani wa wazungu peke yao, baadaye ukafunguliwa kwa wafanyakazi. Jioni watu walitoka viwandani wakaja kusimama kwenye uzio kumwangalia. Hakuwa anapiga kwa nguvu. Alimpeleka mwenzake kona hii, akamrudisha kona ile, mpaka unamwona yule mwenzake amesimama mikono kiunoni, anautazama mpira unapita.

Mimi nilipofika alinipokea kama mdogo wake wa tumbo moja. Alinipa chumba changu, akanikatia kanga zake mpya, doti nzima, wakati kanga zilikuwa hazionekani madukani. Hakuniuliza kwa nini nimerudi. Alikuwa mjamzito.

Nikaanza kumchukia siku hiyo hiyo. Nakwambia kweli. Mtu ana kazi, ana mume, ana makombe kabatini, watu wanampigia makofi, halafu na tumbo pia! Mimi nafua ile sketi yake nyeupe ya kuchezea, yeye amekaa anashika mgongo anacheka.

Akajifungua msichana. Kwa kuwa baba yake ni Msukuma alipewa jina la kwetu, nami nitamwita Mbuke.

Mtoto alipoanza kukaa, Koku akarudi uwanjani. Akaniomba mimi nimlee. Alisema, "Wifi, nikimwacha kwako naenda na moyo mweupe." Akapanda treni kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa, kifua kimejaa maziwa, akashinda, akarudi na kombe na gauni dogo la mtoto. Mbuke alimkimbilia kwa magoti akicheka. Wakati huo mambo yalikuwa bado mazuri.

Kosa lilianza hivi. Mtoto alipoanza kusema, neno lake la kwanza alilisema akiniangalia mimi. Alisema, "Mama." Koku alikuwa kazini. Mtu mwema angemrekebisha, angemwambia mimi ni shangazi. Mimi niliitika. Nikasema, "Abee, mwanangu." Nikaenda chumbani nikalia kwa furaha.

Ningeishia hapo ningesamehewa hata na mawe. Sikuishia hapo.

Pale mtaani kila mtu alimwita Koku Mama Mbuke, kama ilivyo desturi. Mimi nikaacha. Mbele ya mtoto nikamwita Koku, jina lake kavu, ili mtoto naye azoee hivyo. Akaanza kumwita mama yake mzazi Koku. Kaka alicheka, akaona ni utoto. Koku naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Halafu nikamgeuza kuwa dudu. Unajua tunavyowatisha watoto na fisi au na mtu wa gunia. Mimi nilimtisha Mbuke na mama yake. Akikataa uji, nasema, "Ngoja nimwite Koku." Akichelewa kulala, nasema, "Koku huyo anakuja na treni, atakubeba akakutupe mbali." Ukutani kulikuwa na picha yake iliyotoka gazetini, ameshika raketi juu ya kichwa. Nilimbeba mtoto mpaka pale nikamwonyesha ule mkono ulioinuliwa, nikamwambia, "Unaona anachopigia watoto?"

Ee Mungu wangu. Mtoto alikuwa anaficha uso shingoni mwangu, anatetemeka, nami nambembeleza. Nilipenda kumbembeleza.

Na bado damu ilikuwa inavuta. Koku akirudi kazini, akivua viatu na kukaa naye chini, akimwimbia nyimbo zao za Kihaya, mtoto alikuwa analainika kidogo kidogo. Nikaona nitamkosa. Ndipo nikaanza kumfinya. Koku akimbeba, mimi nasimama nyuma yake kama namtengenezea mtoto nguo, napitisha mkono chini ya kanga, namfinya paja. Anapiga yowe mikononi mwa mama yake. Namchukua, namnyamazisha. Ilitosha kufanya hivyo mara kwa mara mpaka mtoto akawa analia hata kabla sijamgusa, akiona tu mama yake amenyoosha mikono.

Mkono ninaoandikia haya ndio uliofinya.

Siku moja Koku alinifuata jikoni, akasimama mlangoni. Bingwa wa taifa, na alikuwa anauma kucha kama mwanafunzi. Akaniuliza, "Wifi, mtoto ananiogopa. Nakosea wapi?" Nikamwambia asimlazimishe, mtoto halazimishwi kukupenda, ampe nafasi, akae naye mbali kidogo. Akanishukuru kwa ushauri. Akaufuata.

Unajua nilichokuwa nakitaka? Nilimpenda mtoto, hilo ni kweli. Lakini zaidi ya hapo nilitaka kumwona yule mwanamke anashindwa. Nilitaka nione uso wake ukoje akishindwa, kwa sababu watu wote walikuwa wanajua uso wake akishinda.

Nikaja kuuona, mbele ya mji mzima.

Alikwenda Nairobi kwenye mashindano ya nchi zetu tatu za Afrika Mashariki, akachukua kombe. Redio ilitangaza. Akarudi kwa meli kutoka Kisumu, na bandarini Mwanza wakamwandalia mapokezi: viongozi, ngoma ya kwetu, watoto wa shule na vijibendera. Wakubwa wakataka mtoto wa bingwa amvishe mama yake shada la maua. Wakaniambia nimtayarishe.

Nilimtayarisha. Asubuhi ile nikimvalisha gauni jeupe nilimwambia, "Leo Koku anashuka kwenye meli. Leo ndiyo anakuchukua. Mimi hutaniona tena."

Koku akashuka na kombe mkononi. Ngoma zikapamba moto. Mimi nikamtua Mbuke chini na shada lake, nikamsukuma mgongoni polepole. Koku akapiga magoti palepale kwenye saruji, akaweka kombe chini, akafungua mikono.

Mtoto alisimama. Kisha akajikojolea. Akatupa maua, akapiga kelele, "Simtaki Koku! Mama! Mama!" akageuka akanikimbilia mimi, akang'ang'ania kanga yangu kwa meno.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mwanamke mmoja kwenye umati akasema kwa sauti, "Kawashinda wote, kashindwa na wa tumbo lake." Watu wakacheka. Koku naye akacheka, kwa sababu wakubwa walikuwa wamesimama pale. Akaokota maua akajivisha mwenyewe.

Niliuona uso wake. Ulikuwa kama nilivyotaka.

Baada ya hapo wakubwa wa michezo wakamchagua aende nchi moja rafiki, huko Ulaya Mashariki, kucheza na kujifunza ukocha. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kupata nafasi kama hiyo katika mchezo ule. Ofisa akaja mpaka Igogo kumwambia. Koku alimpa chai, akamsikiliza, akamjibu kwamba hawezi kwenda. Ofisa akashangaa, akamuuliza kama mume amekataa.

Koku akasema, "Nina mtoto asiyenijua."

Akaacha tenisi. Akaomba likizo bila malipo, akakaa nyumbani. Raketi akampa Mbuke aichezee, akawa anaiburuta uani kama gari. Mwanamke yule alipika mwenyewe, aliosha nepi za mtoto wa jirani ili tu azoeleke kwa watoto, alijifunza hadithi za Kisukuma kwa kuniuliza mimi. Angekuwa amechoka angekuwa ameenda zake. Hakuchoka.

Hapo ndipo mtu mwenye utu angeacha. Nimeshashinda, nimeshamvunja, ningeacha. Mimi niliendelea kufinya.

Koku alijua siku aliyomwogesha mtoto mwenyewe. Kwa kawaida nilimwogesha mimi, lakini nilikuwa nimechelewa kwenye foleni ya duka la ushirika. Akamvua nguo, akaona mapaja. Alama za zamani na alama mpya. Akamuuliza taratibu ameumwa na nini. Mbuke alikuwa anajua kusema vizuri sasa. Akamjibu, "Ukinibeba nafinywa."

Hayo niliyasikia baadaye, Koku alipomweleza kaka, neno kwa neno. Nilirudi na kilo yangu ya sukari nikamkuta amemaliza kumwogesha, amempaka mafuta, amemlaza. Akaja uani na taulo begani.

"Wifi," akasema, "kila nikisali nilikuwa nakutaja. Namwomba Mungu akupe mtoto."

Nikaiweka sukari chini.

"Kumbe ulishajichukulia."

Alisema hayo tu. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Kaka aliporudi safari, Koku akamweleza yote mbele yangu. Kaka akanigeukia akaniuliza kama ni kweli. Nikaanguka chini nikalia. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu kwamba sijawahi kumgusa mtoto yule kwa ubaya. Nikasema mtoto mdogo hufundishwa neno lolote, na siku hizi anashinda na nani? Si mama yake? Basi aulizwe aliyemfinya mtoto ni nani, huyu aliyemlea au huyu aliyemkosa.

Kaka alimtazama mke wake kwa muda mrefu. Akaniamini mimi. Damu ni damu, jamani, na mimi niliijua hiyo damu nikaitumia.

Lakini kwa ajili ya amani akaamua nihamie kwa baba mdogo, kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Sengerema. Siku ya kuondoka kaka alinisindikiza, tuvuke wote kwa kivuko cha Kamanga, na kwa kuwa Mbuke alikataa kubaki nyumbani, Koku akaja naye mpaka gatini amembeba.

Kivuko kilipoachana na gati, mtoto aliona nakwenda. Alianza kunyoosha mikono, "Mama! Mama!" huku anampiga Koku mateke ya kifua. Watu wakasimama kutazama. Mgambo mmoja akamshika Koku mkono akamuuliza mtoto huyu ni wa nani. Bingwa wa nchi tatu, na bila ile sketi nyeupe hakuna aliyemtambua. Walidhani ameiba mtoto.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kivuko, maji yalikuwa bado machache kati yetu. Ningepaza sauti moja tu, "Ni wake!" ingetosha. Kaka alikuwa ndani anapanga mizigo, hakuona. Mimi niliona. Nilitabasamu.

Nilikuja kusikia kwamba alikaa chini ya ulinzi, mtoto akilia mapajani mwake, mpaka jirani mmoja alipopita akasema ndiye mama.

Alijaribu kurudi uwanjani mwaka uliofuata. Akakutana na msichana ambaye zamani yeye Koku alikuwa akimshinda huku anaongea na watazamaji. Akashindwa haraka. Waliokuwepo walisema alikuwa akigeuka kila mtoto anapolia nje ya uzio. Hakucheza tena. Akarudi kwenye mashine yake ya kupiga chapa mpaka alipostaafu.

Na mtoto je? Kaka alimleta kwangu kila shule zilipofunga. Koku hakuwa na la kusema, maana nyumbani kwake yeye ndiye aliyeonekana mwongo. Mbuke alikua akijua kwamba mama yake alimwacha kwa ajili ya mpira, halafu akamfukuza shangazi kwa wivu. Sikumfundisha mimi peke yangu. Baba yake pia alisema hivyo. Lakini nani alimpa baba yake maneno?

Unataka kujua mimi nilipata hasara gani? Sikuolewa tena. Nilikuwa na mtoto wa likizo tu. Akija namwandalia karanga na maziwa ya mgando, na kila akilala namfunua miguu naangalia mapaja yake. Alama zilishatoka zamani. Mimi nilikuwa naziona. Alipokuwa mkubwa akawa analala na suruali, nami bado naziona. Sijawahi kulala vizuri siku ambayo yule mtoto yuko kwangu, na siku ambayo hayupo silali kabisa.

Kaka alifariki, tukakutana msibani Igogo. Mbuke sasa ni mama wa watu, ni muuguzi, ana watoto wake. Akanipigia magoti mbele ya watu wote, "Shikamoo mama." Mama! Koku alikuwa hatua chache tu, anagawa chai. Alisikia. Aliendelea kumimina.

Baadaye Mbuke akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaniegemea kama zamani, akaniambia kwamba ameshindwa kabisa kumpenda mama yake. Alisema, "Namheshimu, namnunulia dawa, lakini akinishika mwili unakataa. Sijui kwa nini. Akinikumbatia ngozi inasisimka."

Mimi nilijua kwa nini. Nilifungua mdomo. Nikamwambia amsamehe mama yake. Amsamehe! Ndiyo maneno niliyoyapata.

Niliporudi ndani kuchukua mzigo wangu, Koku alikuwa mlangoni. Ameshazeeka, goti moja linamsumbua, lakini bado ni mrefu. Nikamwambia kwamba nimechoka, nitamweleza Mbuke kila kitu kabla sijaondoka. Nilidhani atashukuru.

Akaniambia, "Usimwambie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ana mama mmoja anayempenda. Ukimwambia, hatabaki hata na huyo."

Akanipa mzigo wangu, akarudi kwa wageni wake.

Basi mpaka leo sijasema, nami sijui kama namtii Koku au najificha nyuma yake. Nadhani najificha. Na wewe unayelea mtoto wa mwenzako, wifi, dada, mama mkubwa, hata msichana wa kazi: mtoto akikuita mama, mrekebishe siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Hata kama huna wako. Hasa kama huna wako. Usiseme utamrekebisha kesho, mimi nilisema kesho. Na wewe mama unayetoka kutafuta, mtoto wako akikuogopa, usikubali kuambiwa umpe nafasi. Mvue nguo umwangalie.

Juzi Mbuke amevuka na kivuko kuniletea blanketi, kwa sababu alisikia nalalamika baridi ya asubuhi. Amenifunika nalo mwenyewe, akanibusu kwenye paji la uso. Nikamuuliza kama amepita kumwona mama yake. Akasema hapana, muda ulikuwa mdogo.

Nimelipokea.